Hewa ya Chumba cha Chini

Jumatatu, 4 Machi. Mvua ya asubuhi. Mto: alama ya pili.

Leo Mwalimu wa Sayansi ametufundisha habari za radoni. Naandika hapa kwa maneno yangu, kwa sababu Mwalimu wa Lugha anasema jambo usiloweza kulieleza kwa maneno yako hujalielewa. Radoni ni gesi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hutoka kwenye mwamba na kupanda kupitia nyufa za sakafu. Ikiwa nje, hupeperuka na haimdhuru mtu. Ikiingia kwenye chumba kilichofungwa, hasa cha chini, hujikusanya. Mtu akiivuta miaka na miaka inaweza kumletea saratani ya mapafu hata kama hajawahi kushika sigara. Pua haiwezi kuijua. Hupimwa tu.

Darasa liliacha kuandika, kwa sababu mtaa wetu wote umechongwa kwenye mwamba. Kila nyumba kando ya mto ina vyumba viwili usawa wa barabara na kimoja chini, kilichochimbwa ndani ya ukingo. Mimi nilimfikiria Babu. Alilala chumba cha chini miaka kumi na tisa. Hakuvuta sigara hata moja, na wavutaji aliwafukuza mlangoni kwa fimbo. Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa mapafu.

Nilinyoosha mkono nikauliza kama radoni ndiyo iliyomuua. Mwalimu akasema hakuna awezaye kusema hivyo juu ya mtu mmoja. Tunachoweza ni kupima, ili wanaoishi wajue.

Jumatano, 6 Machi. Mvua. Alama ya pili.

Baba amepaka chokaa chumba cha Babu. Baba ni fundi mwashi, na nusu ya nyumba za mtaa huu amezijenga yeye. Chumba kile alikichimba kwa mikono yake ili baba yake apate pa kupumzikia. Sasa Mama anatarajia kujifungua mwezi wa tano, na mdogo wangu Chiriku, tunayemwita hivyo kwa sababu hajui kunyamaza, atatoka chumbani kwa Baba na Mama ahamie chini. Ana miaka sita. Ameshachagua upande wa ukutani.

Nilimwomba Baba asubiri tupime. Akasema hakuna chumba chenye joto kama kile, amekiziba mwenyewe, hata siafu hapiti. Nikamwambia hilo ndilo tatizo. Alinitazama kama nimemtukana. Mama, bila kuinua macho kwenye mboga alizokuwa akichambua, akasema tupime kwanza. Baba akakubali. Alikubali kwa ajili ya tumbo la Mama, si kwa ajili yangu.

Jumamosi, 9 Machi. Jua kidogo. Alama ya tatu.

Tumegawa vikopo. Ofisi ya afya imeipa klabu yetu ya sayansi shuleni vipimo thelathini na moja, kimoja kwa kila nyumba ya ukingoni. Ni vikopo vyeusi vya plastiki, vidogo kama ngumi ya Chiriku, na ndani mna utando unaonasa alama za gesi. Maelekezo ni mafupi: kiwekwe kwenye rafu ya chumba cha chini, mbali na dirisha, siku thelathini, kisihamishwe. Mimi ni katibu wa klabu, kwa hiyo fomu zote ni zangu.

Watu wamevipokea kwa heshima kuliko nilivyotazamia. Mshonaji wa nyumba ya kona alinawa mikono kabla ya kukishika. "Mali ya serikali hii, mwanangu," akasema. "Kikipotea nitajibu nini?"

Mmoja tu ndiye aliyenikera. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni fundi baiskeli, na mtaa mzima unamwita Sijali. Chumba chake cha chini ndicho karakana na ndicho kitanda: rimu, minyororo, mafuta meusi mpaka kwenye mto wa kulalia. Nilimwamkia, akaitikia huku akiendelea kukaza spoku.

"Sasa mnataka kunipima pumzi?" akasema. "Zihesabuni upesi, zimebaki chache."

Akakiweka kikopo katikati ya kopo la grisi na kiti cha baiskeli, wala hakusoma maelekezo. Mzee mchafu, asiyejali kitu, na jina lake linamfaa.

Alhamisi, 14 Machi. Mvua kubwa tangu alfajiri. Alama ya tano.

Reli imegongwa. Nikikua na kuhamia mbali, huenda nikasahau ilivyokuwa, kwa hiyo naieleza. Mlinzi wa daraja ana kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo. Maji yakigusa alama ya tano, ile nyekundu, hukipiga kwa nyundo, na mtaa wote hupandisha. Kila kitu kilicho chumba cha chini na kinachoweza kuharibika hupelekwa darini, chini ya bati. Hakuna anayeuliza wala kuagiza. Mtoto akijua kupanda ngazi anajua kupandisha. Watu wenyewe huendelea kulala chini mpaka maji yafike mlangoni, kwa sababu mtu anaweza kuamka akakimbia, na gunia la unga haliwezi.

Mama haruhusiwi kubeba mwaka huu, kwa hiyo rafu ya Babu ilikuwa yangu yote. Nilipandisha kamusi yake, redio, taa ya chemli, kikopo, mkebe wa misumari ya Baba na albamu ya picha. Dakika nne. Mwaka jana nilitumia sita.

Sijali hakupandisha kitu. Alikaa kizingitini akizungusha gurudumu, akitutazama tunavyohema.

Ijumaa, 15 Machi. Mvua. Alama ya tano.

Maji yamefika ngazi ya chini yakasita.

Jumatatu, 25 Machi. Mvua. Alama ya tano.

Jaribio la hisabati. Nimekosa swali moja. Nguo hazikauki.

Jumanne, 2 Aprili. Mvua. Alama ya nne.

Chiriku amekwenda kulijaribu godoro la chini mara tatu leo. Nimemtoa mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Wewe unaona wivu kwa sababu unalala kwenye benchi la sebuleni." Ni kweli nalala kwenye benchi.

Jumamosi, 6 Aprili. Mawingu. Alama ya tatu.

Mlinzi amegonga reli mara tatu, maana yake tushushe. Nilipangusa kila kitu vumbi la darini kabla ya kukirudisha mahali pake.

Jumatatu, 8 Aprili. Jua. Alama ya tatu.

Siku thelathini zimetimia na vikopo vimekusanywa vyote. Hakuna kilichopotea. Katika kila nyumba nilikikuta kwenye rafu yake, kinang'aa, kingine kimetandikiwa kitambaa. Mwalimu amefurahi sana. Fomu nazo ziko tayari. Safu ya mwisho inauliza, "Je, kipimo kilihamishwa?" Nilikuwa nimeshaijaza shuleni Ijumaa ili kuokoa muda: hapana, hapana, hapana, mara thelathini na moja, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Mwalimu akatia sahihi.

Jumatano, 24 Aprili. Mvua nyepesi. Alama ya nne.

Majibu yamekuja. Gesi hii huhesabiwa kwa bekereli. Karatasi inasema chini ya mia moja ni heri, na ikizidi mia tatu nyumba irekebishwe. Nyumba thelathini zimepata kati ya kumi na nane na hamsini na mbili. Sisi tumepata thelathini na moja.

Sijali amepata elfu moja mia moja na arobaini.

Mkuu wa shule aliyabandika kwenye ubao wa nje, na kabla ya saa sita mtaa ulishapata jina jipya la mzee: Bwana Sumu. Mshonaji alisema hata gesi inajua nyumba ya kukaa. Mwingine akasema si gesi, ni soksi. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka.

Nilipofika nyumbani kitanda cha Chiriku kilikuwa kimetandikwa chini. Baba hakusema "unaona?" Alifunga tu komeo la dirisha vizuri, upepo usiingie.

Jumamosi, 27 Aprili. Mvua. Alama ya nne.

Ofisi ya afya imesimamisha bango darajani: HEWA YA MTAA HUU NI SALAMA. Afisa alinipa mkono mbele ya watu na kusema mtaa unahitaji mabinti makini kama mimi. Mama alilia kidogo.

Jumanne, 30 Aprili. Mvua.

Hakuna anayempelekea Sijali baiskeli. Wanaokota mawe ya kuegemeza magurudumu na kutengeneza wenyewe, vibaya.

Alhamisi, 2 Mei. Mvua. Alama ya nne.

Naandika polepole ili nisichane karatasi.

Toroli la Baba lilitoboka gurudumu. Baba akanituma kwa Sijali, kwa sababu kuziba tundu la toroli hakuna anayeweza mtaani ila yeye. Aliniambia nisimame mlangoni, nisivute hewa sana.

Mzee alikuwa peke yake. Aliutumbukiza mpira ndani ya karai la maji, akawa anautafuta upepo kwa vidole. Hakunitania. Nilitaka kuondoka upesi, na labda ndiyo maana nikasema jambo la kipumbavu: kwamba pengine akisafisha chumba namba itashuka.

"Binti," akasema, "ukuta huu ni wa nani?"

Nikasema ni wake.

"Na upande wa pili?"

Wetu. Chumba cha Babu.

"Mwamba mmoja. Baba yako aliuchimba kwangu na kwenu mwaka uleule, nikimshikia taa. Sasa gesi imefika kwangu ikaona kibao cha kwenu kimeandikwa 'hodi hairuhusiwi'?"

Nilimwambia vipimo havidanganyi. Akatoa mpira majini, akaupangusa kwa shati lake.

"Havidanganyi. Kikopo changu hakijasogea tangu ulipokiweka. Chenu kilikuwa wapi?"

"Kwenye rafu."

"Hata reli ilipogongwa?"

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sauti kubwa, na nikakasirika kwamba mtu asiyepandisha hata shuka lake ananiuliza mimi, katibu, mambo ya kipimo. Nilikuja nyumbani, nikafungua daftari hili, nikatafuta tarehe kumi na nne Machi ili nijihakikishie.

Kamusi, redio, taa ya chemli, kikopo.

Nimeisoma mara saba. Ni mwandiko wangu. Niliandika na dakika nilizotumia. Mikono yangu ilikibeba na kichwa changu hakikujua, kwa sababu reli ikilia kichwa hakiulizwi. Kisha kikakaa darini, chini ya bati lenye matundu, upepo ukipita juu yake siku ishirini na tatu kati ya thelathini. Tumepima hewa ya darini kwetu. Hakuna anayelala darini.

Na ikiwa mimi nilipandisha, mimi niliyesoma maelekezo, basi nani hakupandisha?

Ijumaa, 3 Mei. Mvua. Alama ya nne.

Nilimfuata Mwalimu kabla ya kengele. Nilimweleza yote nimesimama. Aliitoa nakala ya fomu kabatini, akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Hapa umeandika hapana. Uliwauliza?"

Sikuwauliza.

Alikaa. Akasema sahihi ni yake, kwa hiyo kosa ni lake pia. Hilo nilimheshimu. Kisha akaanza kuzungumza juu ya bango, na barua ya pongezi, na jinsi ofisi ya afya ilivyosita kutupa vipimo tangu mwanzo, na kwamba huenda ni busara tusubiri muhula ujao, tuombe upya kwa utaratibu. Gesi hii si ya kuua kwa siku moja, akasema. Miezi mitatu si kitu.

Ni kweli. Najua ni kweli, yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini Babu naye alianza na miezi mitatu, na hakuna aliyekuwapo wa kumwambia. Nilimwambia mdogo wangu analala pale. Akasema basi asilale pale, hilo halihitaji barua. Kama ni rahisi hivyo, aje yeye kumwambia Baba.

Nimemwambia mwenyewe, wakati wa chakula cha jioni. Nilikuwa nimepanga maneno kama insha: utangulizi, kiini, hitimisho. Nilifika kwenye kiini. Nikasema kipimo kilikuwa darini, na kwa hiyo hatujui hewa ya chumba cha chini, ila tunajua ya jirani, na mwamba ni mmoja.

Baba aliacha kula.

"Chumba kile nilikichimba mimi," akasema.

Nikasema ndiyo, Baba.

"Sakafu niliimwaga mimi. Baba yangu nilimlaza mimi. Sema unachotaka kusema. Nilimuua?"

Sikuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo kiasi kile. Chiriku alinyamaza, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. Nilitaka kulia na nilikataa kulia, kwa sababu nikilia ningekuwa mtoto aliyekosa, na mazungumzo yangeishia hapo.

"Sisemi hivyo, Baba. Nasema Chiriku asilale pale."

Akasema atalala palipotandikwa. Akasema ameshachoka na karatasi za shule ndani ya nyumba yake. Juzi karatasi hizohizo zilimchekesha mpaka akashika ukuta.

Mama aliinuka. Mwezi wa mwisho huu, akiinuka hushika meza kwanza. Alishuka ngazi moja moja, tukasikia godoro likiburutwa, likigonga kila ngazi likija juu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia mpaka alipofika, jasho likimtoka, akalitupa kando ya benchi langu.

"Nimechoka kupanda na kushuka," akasema. "Kwa hiyo lisishuke tena."

Kisha akarudi kwenye sahani yake.

Jumamosi, 4 Mei. Mvua. Alama ya nne.

Nimeanza kuuliza nyumba kwa nyumba, swali moja tu: reli ilipogongwa, kikopo kilikuwa wapi? Chiriku ananishikia mwavuli na kunikera.

Mshonaji alijibu kwa fahari. "Darini, mwanangu. Sisi wajinga tukiache kiloe?" Alikitia ndani ya mkebe wa unga, akaufunga kwa mpira, kisha juu yake akaweka blanketi. Mwalimu mstaafu alikifungia kwenye bahasha pamoja na hati ya nyumba. Mama wa mapacha alilala nacho chumba cha juu, usawa wa barabara, chini ya mto wa kulalia, kwa kuwa watoto wake wanaiba. Asubuhi ya kukusanya wote walikishusha, wakakipangusa, wakakiweka kwenye rafu ili nikikute pazuri. Kila mmoja alifanya kwa uangalifu kuliko mwenzake. Hakuna hata mmoja niliyeweza kumkasirikia, na hasira bado ninayo, sijui niipeleke wapi.

Mama wa mapacha aliponiona naandika aliniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia. Akafunga mlango taratibu, na nikamsikia akiwaita watoto wapande juu.

Jumapili, 5 Mei. Mvua.

Jumla: nyumba ishirini na saba zilipandisha. Tatu, wenyewe hawakumbuki. Moja haikupandisha.

Nilienda kwake nikamwomba radhi kwa kicheko cha siku ile, kwani alikuwa amekisikia kupitia ukutani. Akasema ukuta huo unapitisha kila kitu ila adabu. Nikamuuliza kwa nini hapandishi kamwe. Akasema magoti. Ngazi za darini zilimshinda miaka minane iliyopita, na aliona ni afadhali watu wamwite Sijali kuliko waje kumbebea vitu kila mvua.

Miaka minane, na mimi niliandika "asiyejali kitu" bila kuuliza, kama nilivyoandika hapana.

Jumatatu, 6 Mei. Mvua. Alama ya nne.

Nilimpelekea Mwalimu orodha ya nyumba zote na majibu yao. Niliandika juu yake: "Taarifa ya kwanza si sahihi. Safu ya mwisho ilijazwa na katibu bila kuuliza." Nikatia sahihi. Nikamwambia kama haitapelekwa, nitaipeleka mwenyewe kwa miguu.

Aliisoma yote, mpaka mkebe wa unga. Akatoa kalamu, akatia sahihi yake chini ya yangu, akavaa koti la mvua, akatoka katikati ya kipindi. Darasa lilipiga kelele saa nzima na mimi sikuwanyamazisha.

Jumamosi, 11 Mei. Mvua. Alama ya nne.

Ofisi ya afya imeleta vipimo vya siku saba. Afisa yuleyule. Safari hii hakunipa mkono. Alisema ingekuwa vizuri tungesoma maelekezo. Nikamwambia maelekezo yaliandikwa na mtu ambaye hajawahi kusikia reli. Mwalimu aliniminya bega, lakini hakunikemea.

Tulipofika kwetu Baba alikuwa amesimama barabarani na sanduku lake la zana. Hajanisemesha siku nane. Alichukua kikopo mkononi mwangu, akashuka nacho, tukasikia keekee ikitoboa ukuta. Nilipochungulia, kilikuwa kimefungwa ukutani kwa kishikio cha bomba na skrubu mbili, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala.

"Sasa apandishe ukuta," akasema. Hakusema nani.

Kisha akatoka nasi. Nyumba thelathini na moja, skrubu sitini na mbili. Kwa Sijali aliingia bila kuziba pua. Walizungumza juu ya toroli.

Jumanne, 14 Mei. Mvua kubwa. Alama ya tano.

Reli imegongwa. Nilishuka mbio, nikabeba kamusi, redio, taa, nikapanda, nikarudi kuchukua mkebe wa misumari. Kikopo kilikuwa ukutani. Mkono wangu ulikwenda kukishika. Najua yote ninayoyajua, na bado ulikwenda. Nikaushikilia mgongoni kwa mkono wa pili, nikasimama hivyo mpaka reli iliponyamaza.

Kisha nikaenda kwa Sijali, nikapandisha minyororo yake yote darini. Alipinga. Nikamwambia asijali.

Jumamosi, 18 Mei. Mvua. Alama ya tano.

Vimekusanywa. Tulimuuliza kila mtu, mlangoni, tukaandika mbele yake.

Jumatatu, 20 Mei. Jua.

Mtoto amezaliwa. Msichana. Mapafu anayo, mtaa mzima umemsikia.

Jumatatu, 27 Mei. Mawingu. Alama ya tatu.

Kati ya nyumba thelathini na moja, ishirini na mbili zimepita mia tatu. Mshonaji mia sita na kumi. Mama wa mapacha mia nane na tano. Sijali elfu moja na tisini. Sisi mia tisa na sitini.

Nilimkuta Baba kwenye ngazi za chini, anaosha mwiko wake wa uashi mtoni. Akasema nisome. Nikasoma. Akasema nisome tena. Nikasoma tena, na safari hii nilitaja na nyumba nyingine, ili aone hayuko peke yake, lakini nyingi kati ya hizo ni yeye aliyezijenga, na nilielewa hilo nikiwa katikati ya kusoma, sikuweza kurudi nyuma.

"Hakuna aliyejua," nikamwambia.

"Sasa tunajua," akasema, akaendelea kuosha mwiko uliokuwa umeshatakata.

Bado nina hasira. Nina hasira na mwamba, na bango, na yule afisa, na fomu yenye safu ya ndiyo au hapana isiyoacha nafasi ya kueleza. Nina hasira kwamba Babu alikuwa akifungiwa dirisha na watu waliompenda ili asipigwe na baridi. Mimi mwenyewe nimelifunga mara nyingi. Nilikuwa naona nafanya jambo jema.

Alhamisi, 30 Mei. Jua. Alama ya tatu.

Afisa ameleta mchoro: toboa sakafu, chimba shimo dogo chini yake, simika bomba kutoka shimoni mpaka juu ya paa, weka feni ndogo ya kuvuta hewa, kisha ziba nyufa zote. Baba aliugeuza mchoro huku na huku, akasema bomba limechorwa na mtu anayeogopa ngazi, akauchora upya nyuma ya karatasi.

Watu walidhani ataanza kwetu. Amechukua patasi na nyundo, ameanza kwa Sijali, kwa sababu namba yake ndiyo kubwa. Kutwa nzima nimesikia kupitia ukuta: nyundo, kisha mzee akimwambia anapiga kama mgonjwa, kisha nyundo.

Jumatano, 5 Juni. Jua. Alama ya pili.

Leo ilikuwa zamu yetu. Baba aliivunja sakafu ya Babu peke yake na mlango ameufunga. Hakuna aliyeingia. Alipofungua, shimo lilikuwa limechimbwa, kingo zake zimenyooka kama zilipimwa kwa rula, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi. Mama akampa maji.

Mwalimu ameandika barua mbili kuhusu bango na hajajibiwa. Lakini asubuhi nilipopita darajani nililikuta limegeuzwa. Mlinzi amefungua boliti, akaliweka uso nyuma, bila kuagizwa na mtu. Sasa linasomwa na mto peke yake.

Jumamosi, 8 Juni. Jua. Alama ya pili.

Bomba limesimama. Feni inanguruma kama paka. Baba amefunga kikopo kipya ukutani, kwa skrubu zilezile, na cha safari hii ni cha siku thelathini. Chiriku amekataa kuondoka benchini. Anasema amezoea miguu yangu. Namba itakuwa ngapi, sijui. Inaweza kushuka mpaka hamsini, inaweza isishuke, na Baba atavunja tena.

Nilikaa kwenye ngazi kujaza fomu: nyumba, chumba, urefu kutoka sakafuni, tarehe ya kuweka. Baba alisimama nyuma yangu akasoma juu ya bega langu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Aliweka kidole chenye saruji kwenye safu ya mwisho.

"Hapa hujajaza."

"Siku hazijatimia, Baba."

Aliondoa kidole. Kiliacha doa la kijivu ndani ya kisanduku.

"Basi usijaze," akasema.